Mtoto Asiyesumbua

Nianze na majivuno yangu, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini Jumanne moja nilipiga kelele katikati ya kliniki, sindano mkononi, mpaka mlinzi wa lango akaja mbio akidhani tumevamiwa.

Binti yetu alipofikisha miezi saba, hakuna mama aliyejisifu kunishinda mimi, toka Ekerenyo tunakoishi hadi Birongo nilikozaliwa. Mtoto wangu alikuwa halii. Halii kabisa! Ukimlaza, analala. Akiamka, anatulia na kuangalia dari. Wageni waliingia nyumbani, wakanywa chai, wakala ndizi, wakaaga, na wakiwa wamefika mlangoni ndipo mmoja akakumbuka kuuliza, "Kwani mtoto ako wapi?" Nilikuwa nikilingoja swali hilo tangu kikombe cha kwanza. Nilijibu kwa sauti ya mtu asiyejali, huku moyo ukirukaruka: "Ako hapo ndani. Hasumbui."

Hasumbui! Neno hilo lilikuwa tamu mdomoni. Kwetu Gusii mtoto mtulivu ndiye mtoto mwema, na mama yake ndiye anayejua kulea. Kadi yake ya kliniki nayo ilinipa kichwa. Mstari wa uzito ulipanda vizuri bila kuteleza hata mwezi mmoja, na niliibeba kadi hiyo kwenye mkoba hata siku ambazo hazikuwa za kliniki.

Na mimi si mama wa hivi hivi. Mimi ni muuguzi. Niko kwenye kituo cha afya kilicho vilima viwili kutoka nyumbani, upande wa akina mama na watoto. Nachanja, napima uzito, najaza kadi, na kila Jumanne asubuhi nawahubiria akina mama waliojaa kwenye mabenchi. Ukutani kuna picha kubwa ya mama anayemtazama mtoto wake usoni, na mtoto amefungua mdomo kama mwenye hoja. Nilizoea kuigonga picha hiyo kwa kalamu. "Mtoto akiguna, mjibu. Akikutazama, mtazame. Akilia, nenda uone ana shida gani. Hata kama unashinda kazini, yule unayemwachia afanye hivyo hivyo." Akina mama walicheka chini chini, kwa sababu kwetu mtu mzima kukaa akibwabwaja na mtoto mchanga ni kichekesho. Nami nikawa mkali. "Mnacheka nini? Hiki ni chakula cha akili!" Nilihubiri vizuri sana, jamani. Kisha nikapanda bodaboda nikarudi kwa mtoto wangu asiyesumbua.

Sasa niwaambie alivyoanza kutosumbua.

Miezi ya likizo ya uzazi nilimbeba mchana kutwa. Alizoea mikono yangu mpaka nikienda chooni analia. Likizo ilipokaribia kwisha nikaingiwa na hofu: huyu nikimwacha atalia mpaka sauti imkauke. Mume wangu anauza vipuri vya magari mjini Kisii, anaondoka kungali na umande na kurudi jioni. Mama mkwe huchuma chai shambani kila siku, na chai haingoji mtu. Wanawake wa kanisa wakaniletea mama mmoja wa kunisaidia, mtu mzima mwenye watoto wanne wakubwa, msafi wa kupindukia. Siku ya kwanza tu alisugua sufuria zangu hadi nikaona aibu ya nilivyokuwa nikizisugua mimi.

Nilimwandikia ratiba. Nilitumia rula! Saa mbili maziwa niliyokamua, saa tatu usingizi, saa tano kubadilishwa, saa sita maziwa tena, na kuendelea mpaka saa kumi na moja ninaporudi. Chini kabisa niliandika kwa herufi kubwa na kupiga mistari miwili: ASIBEBWEBEBWE. ATAZOEA. Nikaibandika ukutani jikoni, nikaisoma kwa sauti, na yule mama akaitikia kwa kichwa kila mstari.

Wiki mbili za kwanza mtoto alilia. Nilisimuliwa jioni, nikaumia, nikasema tuvumilie. Wiki ya tatu akanyamaza. Tulishangilia! Mume wangu alileta soda kutoka Kisii, tukainywa watatu pale jikoni chini ya ile ratiba, tukampongeza yule mama. Soda ile naijutia mpaka leo.

Aliyeligundua jambo ni baba mkwe wangu, na ilibidi aligundue kwa masikio tu, akiwa nyumbani kwake.

Nyumba yetu na ya wakwe zangu zimetenganishwa na ua mfupi na migomba michache. Mzee ni mwalimu wa kwaya. Amestaafu kila kitu kingine maishani lakini si kwaya. Amefundisha solfa kwa watu wa kanisa letu la Sabato miaka mingi, kuanzia vijana wasioweza kukaa kimya hadi wazee wasiosikia vizuri. Mfuko wa koti lake daima una kile kichuma chenye meno mawili cha kutafutia sauti. Hukigonga kwenye goti, akakisogeza sikioni, na hapo ndipo huijua "do" iko wapi.

Kati yangu naye kuna chinsoni, ile haya na heshima inayokaa baina ya mzee na mke wa mwanawe. Haingii nyumbani kwangu. Hatupeani mikono. Tukikutana kwenye njia ya kisimani, mmoja wetu hugeukia majani chai kana kwamba ameona kitu cha ajabu huko. Wapo wazee siku hizi wanaokaa sebuleni kwa wana wao wakitazama taarifa ya habari, ila mzee wetu si wa hao. Tangu niolewe hakuwahi kuniambia neno moja kwa moja. Akiwa na la kuniambia humwambia mama mkwe, naye mama mkwe hulitia chumvi kidogo na kuniletea.

Basi jioni moja mama mkwe akaja na fungu la mboga ya chinsaga, akaketi kwenye kigoda changu, akaanza kunisaidia kuchambua majani.

"Daktari," akasema. Huniita daktari akitaka kunichokoza. "Mzee anauliza kama mtoto ako."

"Ako wapi tena, mama? Ako ndani."

"Anasema hajamsikia tangu Sabato."

Nikacheka. "Si hiyo ni vizuri? Halii."

"Hata mimi nilimwambia hivyo. Akasema hajauliza kama analia. Ameuliza kama ako."

Damu ilinichemka! Mzee ambaye hajawahi kushika nepi maishani mwake anifundishe kazi mimi, mwenye cheti ukutani? Nilimjibu mama mkwe kwa adabu, nikamsindikiza kwa adabu, kisha nikarudi jikoni kugongagonga vifuniko mpaka chinsaga ikaungua. Mume wangu aliila hivyo hivyo bila kuuliza. Alinijua.

Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Kesho yake kazini nilimpokea mama mmoja na mtoto wa miezi saba, umri wa wangu. Mtoto huyo alininyang'anya kalamu, akaitia mdomoni, akanitolea hotuba ndefu ya mate na "ba-ba-ba-ba". Nikawa nauliza maswali yangu ya kila siku huku nikijaza. Anageuka akiitwa? Anatoa sauti? Anakulilia ukiondoka? Mama yule akacheka. "Huyu? Huyu anatoa sauti mpaka kanisani tunatoka nje." Nami nikaandika ndiyo, ndiyo, ndiyo, na katikati ya ndiyo ya tatu nikajaribu kuikumbuka sauti ya mtoto wangu mwenyewe. Sikuikumbuka.

Niliomba ruhusa saa tano. Sikupitia mlangoni nilipofika. Nilizunguka nyuma, nikasimama dirishani penye pazia lililoachwa wazi, mkoba ungali begani.

Nyumba iling'aa. Yule mama alikuwa akipiga deki sebuleni, kwa bidii, jasho likimtoka. Binti yangu alikuwa macho kitandani, mkavu, ameshiba, amevikwa soksi safi. Alitazama dari. Kuna wakati alifungua mdomo, nikangoja, akaufunga. Aliinua mkono, akautazama, akaushusha. Sijui nilisimama pale muda gani. Hakuna aliyemkosea lolote, na hakuna aliyekuwa pamoja naye.

Niliingia, nikainama juu ya kitanda, nikamwita jina lake. Macho yalinipitia yakarudi darini. Nikapiga makofi ya ghafla na akashtuka, akageuka. Masikio mazima! Nikapiga tena upande wa pili, akageuka tena. Alisikia kila kitu. Alikuwa tu ameacha kuita.

"Mbona hujawahi kumchukua ukamwongelesha?" nikamuuliza yule mama, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Akanitazama, tambara mkononi. "Mama, si uliandika asibebwe?" Kisha akasema taratibu, "Mimi wangu niliwabeba kwa mgongo hadi shamba, nikiwapigia hadithi. Nikafikiri hii yako inalelewa kisasa."

Nilikosa pa kuweka uso wangu. Niliogopa pia, na hofu ile siwezi kuipunguza kwa maneno. Nimewahi kuona mengi katika chumba cha kujifungulia, lakini hakuna lililoniogopesha kama kichwa kile kidogo kurudi kutazama dari. Je, kama hatarudi? Kama ameshaamua kwamba upande huu wa dunia hakuna mtu?

Ratiba niliichana siku hiyo hiyo. Jioni nikavuka ua nikamwambia mama mkwe yote, bila kuficha hata ile soda, na nikamwambia nafikiria kuacha kazi. Akanisikiliza, akakuna kichwa, akaingia ndani. Asubuhi akaniletea jibu.

"Mzee anasema kazi usiache. Mtoto aletwe. Ako na kazi naye."

"Mzee? Alee mtoto?"

"Usiniulize mimi!" mama mkwe akaruka. "Nimezaa na yeye saba. Mmoja akilia alikuwa anashika kofia anaenda mazoezi ya kwaya."

Lakini mtoto akapelekwa. Nasi tukapata namna yetu ya kupokezana ambayo jirani zetu walikuja kuitazama kama sinema. Sikuweza kumpa mzee mtoto mkononi, kwa sababu ya chinsoni. Basi kila asubuhi mama mkwe alitandika ngozi ya kondoo kwenye baraza ya jiko lake kabla ya kubeba kikapu kwenda kwenye chai. Nilimlaza mtoto juu ya ngozi, nikakohoa mara mbili, nikasema hewani, "Mtoto huyo," kisha nikaenda. Nilipoipita migomba ndipo mzee alipotoka na kigoda chake. Yule mama msaidizi alihamia huko naye, kwa maziwa na nepi, mambo ambayo mzee alisema hakuyasomea.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani. Nilijificha kwenye dirisha la jiko langu, mikono ikiwa imejaa unga wa wimbi, nione ni kazi gani hiyo mzee aliyo nayo.

Alikaa ameinama, viwiko magotini, uso juu ya uso wa mtoto. Hakuimba. Hakusema kitu. Alingoja. Mtoto akahema, ile pumzi yenye kasauti kadogo mwishoni, ambayo mimi hata nisingeihesabu kuwa sauti. Mzee akairudisha! Pumzi ile ile, urefu ule ule, kwa sauti ile ile. Kisha akafunga mdomo akangoja tena. Akangoja mpaka mimi nikataka kutoka nje nimwambie aendelee. Mtoto hakufanya kitu. Mzee akagonga kichuma chake gotini, akakileta karibu, kikalia kwa wembamba, na macho ya mtoto yakaondoka darini. Yakakifuata kichuma! Nilishika ukingo wa dirisha kwa mikono yenye unga. Kisha yakarudi juu.

Mama mkwe alipita na maji. "Unaongea na mtu hajibu. Utachoka."

"Nimefundisha watu wagumu kuliko huyu," mzee akasema bila kuinua kichwa. "Tena wewe ulikuwa mmoja."

Wiki ya kwanza ikapita bila kitu. Jioni nilimchukua binti yangu na kumwagia yote: nyimbo, vicheko, makofi, maswali, busu. Nilifanya kazi ya siku nzima katika saa mbili. Naye aligeuza uso, na kadiri alivyogeuza ndivyo nilivyozidisha. Siku ya nne ya vurugu hizo mama mkwe akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mzee anasema anakusikia kutoka kule. Anasema unaimba mistari yote wewe. Wa mtoto utamwachia gani?"

Nilinuna. Kisha nikajaribu kunyamaza, na nawaambia, hakuna kazi ngumu kama kunyamaza mbele ya mtoto unayetamani akujibu. Nilihesabu vidole vyangu vya miguuni. Niliuma mdomo. Mtoto akanitazama kidogo zaidi ya jana, nikaenda kulala nimefurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Sasa ile Jumanne.

Nilikuwa mbele ya mabenchi, nimejaza sindano ya mtoto aliyekuwa mapajani mwa mama yake, simu ikatetemeka kwenye mfuko wa sare. Mama mkwe. Mama mkwe hanipigii kazini kamwe. Anaamini simu ya mchana ni ya msiba. Nilishika simu kwa mkono mmoja, na sindano ikabaki juu kwa mkono wa pili.

"Daktari!" alipiga kelele hata kabla sijasema haloo. "Weka hiyo simu isikike na watu wote! Bono, sasa hivi!"

Nikabonyeza spika. Mabenchi yakanyamaza, hata watoto waliokuwa wamechomwa walikata kilio. Kwanza tukasikia ng'ombe. Kisha mzee, kwa sauti ile ya kufungulia wimbo, noti moja tu, ndefu, laini: "Aaaa." Kisha kimya. Mama mmoja akafungua mdomo kuuliza na mwenzake akamfinya. Kimya kikaendelea mpaka nikadhani simu imekatika.

"Aaa."

Nyembamba. Ina mkwaruzo kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Mzee akajibu, "Aaaa." Nayo ikarudi, safari hii haikungoja, kubwa zaidi, "Aaa!" halafu ikavunjika katikati ikawa kicheko, kicheko cha mtoto, na nyuma yake yule mama msaidizi akilia na kucheka, "Ni yeye, mama! Ni yeye!"

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Sikusema neno lolote la maana. Nilipiga tu kelele, sindano juu, na mlinzi akaja mbio. "Ni wangu!" nikawaambia wote, mlinzi naye. "Huyo ni mtoto wangu!" Akina mama walipiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini, mmoja wa nyuma akapaza sauti kwa Kigusii, "Buya mono!" yaani vizuri sana. Watoto kwenye mabenchi nao wakaanza kuijibu simu, mmoja baada ya mwingine, hadi mkuu wa kituo akatoa kichwa ofisini kwake kuuliza ni kelele za nini. Nilimaliza kuchanja huku machozi yakidondoka kwenye glavu, na nadhani siku ile sindano zangu hazikuuma.

Kisha nikaigeukia ile picha ukutani, nikaona siwezi kuigonga kwa kalamu. Nikavuta kiti nikaketi kati yao. Niliwasimulia yote, rula, mistari miwili, soda, dari, kichuma. Hakuna aliyecheka. Mmoja, mchuma chai mwenye mikono iliyojaa weusi wa majani, akaniuliza, "Sasa sisi tunaoacha watoto na nyanya yao tufanyeje? Nyanya ya wangu hapendi maneno mingi."

"Hata wetu hapendi," nikasema. "Mwambie asiongee mingi. Mtoto akitoa sauti, amrudishie hiyo moja. Halafu angoje."

Walianza kujaribu pale pale, watu wazima wa heshima, wakiguna na kungoja. Lo! Sijawahi kuwa na Jumanne kama ile.

Baada ya hapo binti yangu alifunguka. Alimjibu mzee, alimjibu msaidizi, alimjibu ng'ombe. Mama mkwe, aliyesema hana muda wa kuongea na mtu asiye na meno, nilimfuma akimsimulia habari za kituo cha kupimia majani, mwanzo mpaka mwisho, na kumwachia nafasi ya kutoa maoni. Jioni alinijibu na mimi pia. Nilikuwa na furaha ya kunitosha.

Isipokuwa asubuhi. Kila asubuhi nilimlaza juu ya ngozi ya kondoo, nikakohoa mara mbili, nikaondoka, naye akanitazama nikienda kama anavyotazama kuku akipita. Hakulalamika hata kidogo. Watu waliniambia nishukuru, na nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilikumbuka swali langu la kliniki, anakulilia ukiondoka?, na jibu ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelifuta kwa rula. Nilijiambia labda hilo ndilo nililopoteza, na kwamba kwa mtu aliyefanya nililofanya ni adhabu ndogo.

Wiki kadhaa zikaenda. Asubuhi moja kulikuwa na ukungu kidogo, bodaboda ikiningoja langoni. Nikamlaza. Nikakohoa. "Mtoto huyo." Nikaanza kwenda. Nilikuwa nimefika kwenye migomba nikasikia.

Nazijua sauti za watoto kwa kazi yangu. Hii haikuwa ya njaa wala ya tumbo. Ilitoka kwenye kisigino! Niligeuka. Alikuwa amejipindua tumbo chini juu ya ngozi ya kondoo, kichwa juu, uso mwekundu, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kwangu, na analia kwa mdomo wote.

Mwenye bodaboda akapiga honi. Nilikuwa nimechelewa tayari. Na kanuni yetu ilinitaka niipite migomba ili mzee apate kutoka, kwa hiyo nilisimama pale nusu nusu, nikingoja ajitokeze, amgongee kichuma, amtulize kama anavyojua yeye.

Akatoka. Nilikuwa bado nipo, nimesimama wazi mbele yake, naye akatoka na kigoda chake. Aliupa uso upande wa chai, kama kawaida yetu. Hakukaa. Hakuinama kwa mtoto. Mtoto akazidi kulia na mzee hakufanya kitu, mpaka nikakaribia kukasirika. Kisha akasema, akiwa bado ametazama majani, na hapakuwa na mama mkwe kati yetu wa kulibeba neno:

"Hiyo si yangu. Anakuita wewe. Itika."

Mkoba ulianguka sijui wapi. "Ee, mama! Niko hapa! Nakuja!" Nilikimbia, nikapiga magoti juu ya ngozi ya kondoo na sare yangu nyeupe, nikamnyanyua. Alikamata kola yangu kwa ngumi zote mbili, akanilowanisha shingo, akalia hapo karibu na sikio langu kilio chote alichoniwekea tangu siku niliyobandika ile karatasi. Mzee alitugeuzia mgongo na hakuondoka. Nilitaka kuimba, kubembeleza, kuomba msamaha, kusema mambo mia. Nikafunga mdomo. Nikangoja. Kilio kikashuka, kikawa kwikwi, kikawa pumzi, na mwisho wa pumzi ile ukatoka mguno mdogo.

Nikamrudishia huo huo.

Akanitazama usoni, kope zikiwa zimeshikana kwa machozi, akaguna tena.

Nilifika kazini saa tatu kasorobo. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa, kisha akatazama magoti ya sare yangu yaliyojaa manyoya ya kondoo.

"Nini tena, sista?"

"Mtoto amenisumbua," nikamwambia, meno yote nje.